Arobaini Katika Baridi ya Kitale



Kila mwaka shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, sisi tunaoishi bara hufunga mizigo na kushuka pwani. Tumekaa Kitale miaka saba, na katika miaka hiyo hatukuwahi kuikosa Agosti ya Mombasa. Watoto walikula mihogo ya kukaanga pale Lighthouse, wakaoga baharini hadi macho yakawa mekundu, wakalala chumba kimoja na binamu zao Mji wa Kale. Nasi wazazi wao tukaisikia tena adhana ikipokezana kutoka msikiti hadi msikiti. Mwaka 2024 hatukwenda. Tulijiwa na mgeni kabla ya wakati wake, naye akatuweka ndani likizo nzima.

Alizaliwa katika Mfunguo Nne, siku chache kabla ya Ashura, Julai ikiwa katikati. Alikuwa ametimiza wiki 35 tumboni badala ya 40, na mizani ikasoma kilo 1.9. Ni mtoto wetu wa tatu, lakini wa kwanza kuzaliwa huku juu. Wawili waliomtangulia walizaliwa Mombasa, katika joto, wakiwa wametimia.

Wasomaji wetu wa pwani wanakijua kipupwe, ila kipupwe chao ni neema ya upepo baada ya kaskazi kali. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Julai na Agosti mvua hunyesha alasiri nyingi, mara nyingine ya mawe, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Mombasa msimu huo huo usiku huwa karibu nyuzi 20. Mtu mzima huimaliza tofauti hiyo kwa sweta. Mtoto wa kilo 1.9 hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hawezi kutetemeka akajipatia joto, na akipoa hutumia nguvu zake zote kupigana na baridi badala ya kukua. Kisha hulegea, hukataa kunyonya, na mambo huharibika upesi.

Tulikaa hospitali siku 12. Huko ndiko tulikofundishwa kumbeba kifuani: mtoto hubaki na nepi, kofia na soksi tu, hulazwa wima kati ya matiti ya mamake, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa leso imara, juu yake mama akavaa sweta na kanzu. Hakai hivyo nusu saa ya kubembelezwa, hukaa hivyo mchana na usiku, kwa saa nyingi kadiri inavyowezekana. Muuguzi wa zamu ya usiku alitueleza kwamba kifua cha mama humpa mtoto joto bila umeme, na huku kwetu umeme hukatika kila mvua inaponyesha. Maziwa yalikamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe kidogo hadi alipopata nguvu ya kunyonya mwenyewe. Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani tulipewa agizo moja lililorudiwa mara tatu: shikeni miguu yake. Tumbo na miguu vikiwa na joto, mtoto yuko salama. Miguu ikipoa huku tumbo lina joto, baridi imeanza kumshinda.

Siku tuliyofika nyumbani ndiyo siku aliyofika Bibi kutoka Mombasa. Alipanda treni hadi Nairobi, kisha basi la usiku hadi Kitale, safari ya zaidi ya kilomita 800, na umri wake umepita 70. Alikuja na nazi 20 ndani ya gunia, ubani, udi, chetezo cha udongo, mafuta ya simsim, pilipili manga, na chupa ya asali iliyobaki kabatini hadi leo, kwa kuwa asali haifai kumpa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Alimtazama mjukuu, akamwombea dua ndefu, akalia kidogo, kisha akauliza, "Moto wa mzazi uko wapi?"

Wasiokulia katika mila zetu watutake radhi tukieleza. Mzazi wa pwani hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na chumbani mwake huwekwa makaa ili mwili usiingiwe na baridi. Bibi amezaa watoto sita kwa mila hiyo, akawauguza binti zake wote kwa mila hiyo hiyo. Kumwambia mtu kama huyo kwamba jiko haliingii chumbani si neno dogo, hasa likitoka kwa mkazamwana.

Lakini halikuingia. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huingia damuni na kukalia nafasi ya oksijeni. Aliyelala huzidi kulala, na huenda asiamke tena. Makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi hata chembe, hutoa hewa hiyo vilevile, kwa hiyo kulikokea jiko nje na kuliingiza likishakuwa jekundu hakuondoi hatari. Kila msimu wa baridi huku bara husikika habari ya watu waliokutwa wamekufa kitandani na jiko kando yao. Nyumba ya Mji wa Kale ina dari ya juu, madirisha ya mbao yenye mianya, ua wa ndani; moto ukiwekwa, hewa inapita. Nyumba yetu ya Kitale ina madirisha ya vioo yaliyobana na tambara chini ya mlango kuzuia upepo. Mila ile ilizaliwa ndani ya nyumba ya namna yake. Anayeihamisha aihamishe na madirisha yake.

Bibi hakubishana. Alinyamaza, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko maneno. Alimkanda mzazi kwa mikono yake, akapika, akafukiza ubani sebuleni, ila habari ya jiko hakuitaja tena. Usiku wa tatu ikanyesha mvua ya mawe iliyolifanya bati lisisikike jingine. Umeme ukakatika. Saa sita usiku alisimama mlangoni na tochi mkononi, amejitanda leso tatu, akasema kwa sauti ya chini ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Mwamuua mtoto kwa baridi kwa kuogopa jiko." Akarudi chumbani kwake. Hatukulala. Tulishika miguu ya mtoto kila baada ya muda mfupi mpaka alfajiri, na kila mara ilikuwa na joto, lakini neno la mama halifutwi kwa kushika miguu peke yako.

Kesho yake akaja Kukhu. Ndivyo wanavyomwita nyanya huko Bungoma, nyumbani kwa upande wa mama katika sisi wawili. Ni Mbukusu na ni Muislamu tangu kwa babu yake, kwani Uislamu una miaka mingi katika nchi ile: misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipiga kambi Mumias, mji wa Nabongo Mumia, kabla hata reli haijafika. Alishuka matatu akiwa na unga wa wimbi, kuku wawili na blanketi zito la zamani. Hao wawili walikuwa wamekutana mara moja tu, siku ya harusi.

Walisalimiana sana, kama wakwe wanavyosalimiana. Kisha Kukhu akaingia chumbani, akapenyeza mkono chini ya sweta, akatulia. "Njoo ushike mguu huu, mkwe wangu," akamwambia Bibi. Bibi akashika. Akashika na wa pili. "Una joto," akasema, na kama kawaida yake akaongeza, "haya, lakini mama mtu naye?" Kukhu akacheka. Jioni ile wakaliweka jiko barazani, nje kabisa, na huko likawaka mchana kutwa: maji ya kumkandia mzazi, uji wa wimbi wa Kukhu, uji wa pilipili manga wa Bibi, na chupa za maji ya moto zilizoviringishwa taulo, zikatangulizwa kitandani kupasha matandiko na kuondolewa kabla mama na mtoto hawajalala. Mbaazi za nazi zilimtesa Bibi. Kwa urefu huu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mbaazi zinazoiva Mombasa kwa saa moja hapa hutaka karibu mbili. Alizilaumu mbaazi, akalaumu sufuria, hatimaye akailaumu Kitale yenyewe.

Usiku wa pili wa kuja kwake, Kukhu alikaa kando ya kitanda akimtazama mtoto kifuani. Akasema, bila kutazama mtu, kwamba naye alizaa mtoto wa namna hii, mwezi wa Julai, mvua ikiwa nyingi. Walimviringisha pamba, wakamweka ndani ya kikapu karibu na mafiga, wakakigeuza kikapu usiku kucha ili upande mmoja usipoe. Akaishi siku tatu. "Hakuna aliyeniambia nimweke hapa," akasema, akijigusa kifua. Mama katika sisi wawili ana miaka 34. Siku zote alijijua kuwa ndiye mtoto wa kwanza wa mamake. Usiku ule ndipo alipojua kwamba hakuwa.

Kifo kile kilitokea miaka ya themanini. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey, kwa upungufu wa mashine za kuwapashia joto watoto njiti, alikuwa ameanza kuwafungia watoto hao vifuani mwa mama zao. Ilichukua muda mrefu kwa jambo rahisi kiasi hicho kuzunguka dunia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri lianzwe mara tu mtoto anapozaliwa, hata kabla hajawekwa kwenye mashine. Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni na bilauri ya uji, alikuja akaketi karibu na Kukhu akamshika mkono. Tangu usiku ule habari ya makaa haikurudi tena.

Baba katika sisi ni mwalimu, na likizo ilimpa nafasi. Mama alipohitaji kuoga, kukandwa au kulala kidogo, mtoto alihamia kifuani kwa babake. Bibi alilipokea hilo kwa shida. Mwanamume kumfunga mwana kifuani kwa leso! Siku moja walikuja wazee wawili wa msikitini kutupa mkono wa heri, wakamkuta ameketi barazani na koti lililofura. Mmoja akamuuliza kwa huruma kama tumbo limempata tangu lini. Kofia ndogo ilipochomoza, walicheka hadi chai ikamwagika. Imamu wetu aliposimuliwa alitukumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali hali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Bi Zaynab, alikuwa akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Bibi aliisikia. Hakusema kitu, lakini kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyeikaza leso mgongoni mwa mwanawe, akisema imelegea.

Akika hatukuifanya siku ya saba, kwa kuwa siku ya saba tulikuwa bado hospitali. Tuliifanya siku ya 21, ikaangukia Ijumaa ile ile shule zilipofungwa. Akika ni sunna, na katika madhehebu yetu ya Shafii yenye udhuru hupata nafasi pana ya kuichelewesha. Kwa binti ni mbuzi mmoja. Majirani wetu wengi si Waislamu, na nyama iliwafikia wote. Siku zile wao ndio waliotuletea maziwa na mahindi mabichi bila kuombwa. Nywele hatukuzinyoa, kwani kichwa ndicho mlango mkubwa wa joto la mtoto mdogo, na tuliambiwa kunyoa kunaweza kungoja. Sadaka ya uzito wake kwa fedha tuliikisia. Gramu mbili za fedha wakati ule hazikufika hata shilingi 300, kwa hiyo tukaongeza, zikaenda kwa mama mmoja tuliyemwacha wodini na pacha wake.

Hapa tuseme neno na dada zetu. Wengi huhesabu kwamba nifasi ni siku 40 lazima, wakangoja zitimie hata damu ikiwa imekatika zamani. Kwa Imamu Shafii 40 ni ada ya wengi, kikomo cha juu ni 60, na cha chini hakina siku: damu ikikatika, mama huoga na kuswali. Katika baridi ya Kitale maji yapashwe moto vizuri. Hakuna thawabu ya ziada katika kujitesa. Kumtoa mtoto nje siku ya arobaini ni desturi nzuri ya kumpumzisha mama, nasi tuliifuata, ila tusiichanganye na swala.

Watoto wakubwa? Hatutasema walifurahi kila siku. Mwana ana miaka kumi, bintiye mdogo ana saba, na wiki ya kwanza walililia bahari kana kwamba tumewanyima chakula. Tuliwapeleka Makumbusho ya Kitale, wakatazama nyoka, wakatembea katika msitu wake mdogo hadi mvua ikawarudisha. Walichoma mahindi barazani kwenye jiko la Bibi. Mwana alihifadhi sura nne za Juzuu Amma kwa kumsomea nyanyake, ambaye halali kosa likipita. Binti akajipa kazi ya ukarani: aliandika katika daftari kila mtoto aliponyonya, saa na siku, kwa maandishi makubwa, akatuamsha saa tisa usiku kwa sauti ya hakimu iwapo saa tatu zimepita bila mtoto kunyonya. Daftari lile lilitufaa kliniki kuliko kumbukumbu zetu zote. Mtoto alishuka hadi kilo 1.8 wiki ya kwanza, akarudi 1.95 tulipotoka hospitali, akafika 2.3 wiki ya akika.

Siku iliyofuata arobaini tulifunga safari ya kwanza, kwenda Bungoma, shule zikiwa zimebakisha siku chache kufunguliwa. Tulipita Kiminini, Kamukuywa, tukashuka Webuye, tukashika njia ya Malaba. Bungoma iko chini ya Kitale kwa mita 500 hivi, na tofauti tuliihisi mwilini. Ndiyo siku ya kwanza mama alipovua sweta moja kati ya mbili. Mwaka ulikuwa wa shufwa, na Agosti ya mwaka wa shufwa ndiyo msimu wa jando kwa Wabukusu. Njiani tulikutana na kundi la mwisho mwisho la vijana wakigonga njuga zao, jamaa wakiimba nyuma. Kukhu alimweleza mwana wetu kwamba alfajiri ya siku yenyewe kijana hupelekwa mtoni, akapakwa tope la baridi mwili mzima, na haruhusiwi kutetemeka wala kupepesa macho. Mwana wetu, aliyetahiriwa Mombasa akiwa mchanga kama ilivyo kwetu, aliwaza sana, kisha akauliza kama wanaruhusiwa kuvaa soksi.

Huko Bungoma mtoto alipata jina la pili. La kwanza, alilosomewa adhana nalo sikioni, ni la mama wa Bibi. Lakini kwa Wabukusu msichana aliyezaliwa wakati wa mvua ni Nafula, hakuna wa kujadili, na jioni ile majirani wote wa Kukhu walikuwa wakimwita hivyo. Bibi, tuliyekuwa naye, alilijaribu jina mdomoni mara mbili tatu, akaona linatamkika.

Usiku Kukhu aliomba amlaze yeye. Akafungua vifungo vya gauni, tukamfunga leso, akaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha huku mtoto akipumua chini ya kidevu chake. Hatukumsemesha. Alikaa hivyo hadi adhana ya alfajiri.

Tulirudi Jumamosi. Jumatatu, watoto wakiwa wameingia darasani, tulimpeleka mtoto kliniki kwa chanjo za wiki sita. Alikuwa na kilo 2.9 na sauti ya kutosha kuitangaza sindano kwa jengo zima. Wiki iliyofuata Bibi alipanda basi kurudi Mombasa. Lile gunia la nazi lilirudi limejaa mahindi, na ndani yake kilo mbili za unga wa wimbi alizopewa na Kukhu kwa maelekezo marefu. Hupiga simu kila baada ya Maghrib. Hasalimii kwanza siku hizi. Huuliza, "Miguu yake ina joto?" na ni lazima mmoja wetu anyanyuke akashike kabla ya kumjibu, kwani anajua tukimjibu hivi hivi tu.